Mtoto Wangu Anaitwa Fisi

Jumamosi, 15 Julai 2006

Baridi ya Julai, ile inayoingia hadi kwenye mifupa, na manyunyu ambayo tangu asubuhi hayajaamua kuwa mvua. Hapa Kilimani nepi zimetandazwa kwenye kila kiti cha sebuleni kwa sababu nje hazikauki. Mtoto amelala. Mimi nina hasira, na sitaki mtu aniambie ninywe uji nitulie.

Wacha niandike kabla sijampigia mtu simu nikasema maneno yasiyorudi mdomoni.

Mtoto wangu anaitwa Mbiti. Kwa Kikamba, mbiti ni fisi. Haya, nimesema. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Mimi ni Mkikuyu, mume wangu Kioko ni Mkamba, na kwa jambo hili la majina makabila yetu hayana ugomvi hata kidogo: mvulana wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba. Babake Kioko ni Mzee Mbiti wa Kangundo. Kwa hivyo mtoto ni Mbiti. Daniel Mbiti. Hii ni hesabu ya darasa la kwanza, na mamangu mzazi, aliyetufundisha sisi wote hesabu hiyo tukiwa bado tunatambaa, amekataa kuifanya.

Kesho ni ubatizo. Mami alijitolea kuleta keki. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani ni dalili kwamba ameanza kulainika. Akaagiza kwa bwana mmoja mwenye duka la keki karibu na River Road, kwa sababu mke wa bwana huyo ni mwenzake kwenye kikundi cha akina mama kanisani, na leo asubuhi akanituma niende kuichukua. Nikamwachia Kioko mtoto, nikashuka mjini, nikapita katikati ya maduka ya rangi na misumari na mabomba, watu wamebeba mabati kichwani na kila mtu anataka kupita pale pale unapopita wewe. Nikafika. Bwana akafungua boksi kwa madaha.

HONGERA DANIEL NJOROGE. Kwa krimu ya bluu, na maua pembeni.

Nikamwambia amekosea keki. Akatikisa kichwa, mtu mpole tu, anafuta mikono kwa aproni.

"Madam, hiyo ndiyo jina mathe alitupea. Akaspell mara mbili. Akasema ata tukipigiwa simu tuambiwe ingine, tusiandike."

Hata tukipigiwa simu. Yaani alinitabiri.

Njoroge ni jina la baba yangu. Marehemu baba yangu, aliyenibeba mabegani, aliyenifunza kusoma gazeti kabla sijaanza shule. Hakuna jina ninalolipenda kama hilo. Mungu akinipa mvulana wa pili ataitwa Njoroge na nitalia siku hiyo. Lakini jina lina zamu yake! Mami hakukosea. Mami alichukua jina la mtoto ambaye hajazaliwa akamvika huyu aliyezaliwa, ili kulifunika lile lake.

Sijui nilichofikiria. Nilitia kidole kwenye keki nikaanza kukwangua. N ikaenda, J ikaenda, na kwa kuwa sikuwa na pa kupangusia nikawa nalamba. Mteja mwingine aliyekuwa amekuja kuchukua mikate akasimama kunitazama. Nikakwangua Njoroge yote nikaila, mbele ya watu, kidole na midomo bluu tupu. Bwana mwenye duka akauliza kwa sauti ya chini kama aandike ile nyingine sasa. Nikamwambia afunge boksi.

Kama kuna siku nilistahili kuitwa fisi, ni leo.

Na hapo ndipo hasira yangu inapata miguu, kwa sababu hata mimi nimeshalitumia neno hilo vile vile kama kila mtu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, niko likizo ya uzazi, kwa hivyo mnaopita hapa mtanisamehe nikigeuza shajara kuwa darasa. Nimechoka na uwongo juu ya mnyama huyu.

Tangu utotoni tunaambiwa fisi ni mlafi, ni mwoga, ni mjinga. Ndiye aliyemfuata mtu njia nzima akingoja mkono unaopungapunga udondoke aule. Ndiye aliyeshindwa na njia mbili. Fisi akimla muwele, tunaambiwa, mzima funga mlango. Mwanamume asiyeweza kuona sketi bila kuifuata, hapa mjini anaitwa fisi. Mbunge akijiongezea mshahara, magazeti humchora na masikio ya fisi. Nani amewahi kumwona fisi akijiongezea mshahara?

Simba ndio waliokula watu wa reli kule Tsavo. Simba ndio waliokuwa wanamngoja Danieli wa kwenye Biblia shimoni, yule yule ambaye jina lake Mami amelipokea kwa vigelegele. Lakini simba wawili wamesimama kwenye nembo ya taifa wameshika ngao na mikuki, na hakuna nyanya yeyote aliyeenda kwa mwoka keki kulalamika.

Mwaka juzi niliwapeleka wasichana wangu wa kidato cha tatu kwenye hifadhi ya Mara. Usiku tulisikia fisi wakiitana, ile sauti inayoanzia chini ikapanda, huyu akiita upande huu na yule akiitikia kule. Baadaye vurumai. Alfajiri gari likatupeleka pale pale. Simba wawili walikuwa wamelala juu ya pundamilia wanakula, na fisi wamekaa pembeni kwenye nyasi wanangoja. Wasichana wote wakaanza: tazama fisi, wavivu, wanangoja mabaki ya simba. Nikawaambia watazame tena. Fisi wale walikuwa na damu hadi mabegani, imeshakauka. Simba damu yao ilikuwa mdomoni tu, mbichi. Nani alianza kula? Nani alifukuzwa mezani kwake?

Wakatazama. Kisha mmoja akasema, "Lakini mwalimu, bado ni wabaya kwa sura."

Sura! Fisi madoa anawinda. Sehemu kubwa ya chakula chake amekiua mwenyewe, kwa mbio na kwa ushirikiano, na mara nyingi simba ndiye anayekuja kumpora. Na kwao mama ndiye mwenye mji. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa mwili na kwa cheo, na mtoto hurithi cheo cha mamake. Dume zima lenye ndevu zake hupisha njia likimwona mtoto wa mama mkubwa. Mama fisi hunyonyesha zaidi ya mwaka mzima, maziwa mazito kuliko ya jirani zake wengi wa porini, na hata kama shimo limejaa watoto wa wenzake, yeye anamjua wake. Mimi huyu mmoja tu amenipasua chuchu nalia bafuni. Nampa mama fisi heshima zake.

Sasa turudi kwa mama yangu.

Tangu mtoto azaliwe, Mami hajawahi kumwita jina lake. Hata mara moja. Anamwita kamwana. Anamwita mgeni wetu. Anamwita mzee wa maziwa. Akipiga simu anauliza, "Huyo amelala?" Nimekuwa nikihesabu moyoni, nikijiambia labda leo, labda kesho. Na siku ile ya kwanza, hospitalini, Kioko aliposimama mlangoni na meno yote nje akasema, "Mami, Mbiti amefika," mamangu alicheka. Hakutabasamu. Alicheka kicheko cha juu, kirefu, mpaka akashika chuma cha kitanda changu, na mama wa kitanda cha pili akageuka kutazama. Nilikuwa na nyuzi mwilini na mtoto kifuani na mama yangu alikuwa anamcheka mtoto wangu.

Hilo sijamsamehe. Kioko alitoka nje akasema anaenda kutafuta maji.

Mami ana kicheko kibaya, lazima niseme. Hata siku tuliyomzika baba alicheka, jeneza likishuka, mpaka shangazi zangu wakamfunika shali wakamwondoa. Watu waliongea mwezi mzima. Kwa hivyo nilipotoka River Road leo na ile keki yenye kidonda, nilijua kabisa ninaenda kumwambia nini.

Nikapitia nyumbani, nikamnyonyesha mtoto, nikamfungia kwenye kiti chake ndani ya gari, nikaenda Kitisuru.

Nyumba ya Mami iko nyuma ya ua mrefu wa miiba ya kei apple. Shamba lilikuwa la babu yetu, la kahawa. Sasa ni nyumba yake na nyumba za kupangisha na lango la umeme analolionea fahari kuliko sisi watoto wake. Alikuwa jikoni, sweta mbili na aproni, anamenya viazi vya mukimo wa kesho. Nikaweka boksi mezani nikalifungua. Akatazama pale palipokwanguliwa. Kisha akatazama kidole changu, ambacho bado kilikuwa na bluu kwenye ukucha.

"Umeniharibia keki," akasema.

"Wewe umemharibia mtoto jina."

Tuliongea Kikuyu, naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kikuyu yalikuwa makali zaidi. Akasema hajaharibu kitu, amempa mtoto jina la baba yangu, na binti mwenye akili angeshukuru. Nikamwambia jina la baba lina zamu yake na yeye ndiye aliyenifunza zamu hizo. Akauliza kwani Wakamba wameishiwa na majina, si kuna Mutua, si kuna Musyoka, lazima awaalike watu wa kanisa lake waje wamsikie akiita hiti, hiti, njoo unywe maziwa. Hiti ndiye fisi wetu. Alipolitamka alishusha sauti, kama watu wanavyotaja ugonjwa mbaya.

Hapo nikafunguka. Nikamwambia kinachomsumbua ni majirani. Kwamba tangu apate lango la umeme anaonea haya kila kitu chenye vumbi la Kangundo. Kwamba alimcheka mtoto wangu siku aliyozaliwa, na mimi nilisikia, na mume wangu alisikia, na Mungu alisikia. Nikamwambia kesho asije kama ni hivyo.

Nililisema hilo. Asije.

Mami akaweka kisu chini. Akaosha mikono, polepole, akaikausha kila kidole. Akavuta kiti akaketi, akanyoosha mikono kuelekea kwa mtoto.

"Mlete."

Sikutaka kumpa. Nikampa. Akamweka mapajani, akamvuta kofia ikafunika masikio yote mawili, ndipo akaongea.

"Wanjiru, wewe huyo mnyama umemsoma. Mimi nimemsikia."

Nimekuwa binti wa mwanamke huyu maisha yangu yote, na sikujua anachoenda kusema. Nilijua kwamba utoto wake ulipita kwenye imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mwingereza, kwenye vile vijiji vya kulazimishwa. Kila mtu wa umri wake wa huku kwetu alipita huko. Tunajua hivyo kama tunavyojua kwamba Nairobi kuna baridi Julai. Mtaro umezunguka kijiji, vijiti vilivyochongwa chini yake, watu wanaruhusiwa kutoka kwa saa zilizopangwa na kurudi kwa saa zilizopangwa. Nilijua kulikuwa na njaa. Sikujua kwamba Mami alikuwa na dada.

Aliitwa Nyambura. Mdogo wake, aliyekuwa akilala naye blanketi moja. Alikufa kwa njaa, au kwa kuhara kulikoletwa na njaa, Mami hajui, alikuwa mdogo mwenyewe. Walimzika jioni nyuma ya nyumba kwa jembe la kuazima, na shimo halikuwa refu kwa sababu saa ya kuingia ndani ilikuwa imefika na askari walikuwa wanapiga kelele. Usiku fisi akaja. Mami alikuwa macho, kwenye lile blanketi ambalo sasa lilikuwa lake peke yake.

"Asubuhi nyanya yako alitoka kwanza," akasema. Hakuniambia nyanya alikuta nini.

Mtoto akajinyoosha. Mami akampigapiga mgongo kidogo.

"Na kabla ya hapo, gizani, tulimsikia akicheka. Alicheka sana. Sasa wewe unataka nimbebe huyu mgongoni nikimwita hivyo."

Ningenyamaza hapo. Mtu mwema angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimeingia nyumba ile na hasira na hasira haikujua iende wapi, nami ni mwalimu, siwezi kuona kosa nikaliacha. Nikamwambia, Mami, fisi hakumuua Nyambura. Alikuwa ameshakufa. Njaa ndiyo iliyomuua, na njaa haikuja yenyewe, kuna watu walioamuru ule mtaro, waliokaa ofisini wakaandika saa ya kutoka na saa ya kuingia. Hao ndio waliomuua. Fisi alikuta wameshamaliza.

"Najua walioamuru," Mami akasema. "Nilikuwa huko. Lakini hao hawakurudi usiku kuja kucheka."



Nilimchukua mtoto, nikaacha keki, nikaondoka bila kunywa hata chai, jambo ambalo kwetu ni tusi kubwa kuliko yote niliyokuwa nimesema.  Nilikuwa na hasira na Mami kwa kunificha dada yake miaka yote hii. Anatuita kwenye sikukuu, anatuhesabu mezani, na hajawahi kusema kuna mmoja hayupo. Nilikuwa na hasira na wale walioamuru mtaro, ambao walirudi kwao wakazeeka kwa amani wakinywa chai, na hakuna mtu katika kijiji chote cha Mami anayeshusha sauti akitaja majina yao. Fisi ndiye aliyebaki na jina baya. Ni pundamilia yule yule wa Mara. Hakuna anayeuliza usiku nani alifanya nini; anayekutwa pembeni asubuhi ndiye anayehukumiwa.

Na nilikuwa na hasira kwamba nilikuwa sahihi na haikusaidia kitu.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Kioko yote. Alisikiliza amejiegemeza kwenye mlango wa jikoni. Nilitegemea atapiga meza. Kioko hapigi meza.

"Shiru, wacha tu," akasema. "Huko church wamuite hiyo Njoroge. Sisi huku tumuite Mbiti. Wewe hiyo jina umeipata juzi. Mimi nimekaa nayo tangu nursery."

Ndiye anayejua, nakubali. Kioko Mbiti, shule ya msingi ya hapa Nairobi, mwalimu akisoma majina asubuhi na darasa zima likimlilia kama fisi kila siku ya Mungu. Amejifunza kuwatangulia kucheka. Lakini nilimkasirikia na yeye. Nikamwuliza, na babako? Kesho akisimama kanisani asikie mtoto anaitwa kwa jina la mtu mwingine, utamwambia mtoto ataitwa Mbiti huku jikoni tu?

Na kama vile ilipangwa, simu ikalia. Mzee Mbiti.

Lazima nieleze kuhusu mzee huyu. Hajamwona mtoto bado. Mguu ulikuwa unamsumbua, na ndiyo maana tulingoja na ubatizo. Lakini anapiga simu kila jioni, na tangu siku ya kwanza hajawahi kuuliza habari za mtoto. Anauliza habari zake mwenyewe.

"Nimelala?" akauliza leo.

"Umelala, Baba," nikamwambia. Nimeshazoea.

"Nimenyonya?"

"Umenyonya vizuri sana."

"Nimelia?"

"Kidogo tu, wakati wa kubadilishwa nepi."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akasema amepiga pasi suti yake, binamu atamleta na gari asubuhi na mapema. "Nakuja kujiona," akasema.

Mamake alizika watoto watatu kabla yake. Mzee mwenyewe aliniambia haya mwaka jana kule Kangundo, tukichambua maharagwe, bila huzuni, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Wa nne alipozaliwa wakamwita fisi. Kifo kikija mlangoni kuuliza kama kuna mtoto, kiambiwe hapa hakuna mtoto, kuna fisi tu. Kikageuka kikaenda. Jina hilo ambalo Mami anashusha sauti akilitaja, kwao ndilo lililomweka mtu hai. Mzee amelivaa mpaka amepata wajukuu, na kesho anavaa suti aje alione likiwa na kofia na soksi.

Kioko alisikia mazungumzo yote. Alipochukua nepi kwenye viti akaanza kuzikunja, nilijua hatasema tena habari ya Njoroge.

Kwa hivyo hapo ndipo tulipo. Upande mmoja wamezika watoto watatu, upande mwingine wamezika mmoja, na mnyama ni yule yule katikati. Huku alilinda mlango, kule alifukua. Mimi nimeketi hapa na titi nje na kompyuta pembeni, naandika kwa mkono mmoja, kwa sababu mtoto ameamka katikati ya aya ile iliyopita.

Mvua imeamua sasa. Inanyesha kweli.

Kuna jambo moja ninalolifundisha kila mwaka, ninapofika kwenye tabia za wanyama. Nawaambia wasichana: kile watu wanachokiita kicheko cha fisi si kicheko. Fisi hatoi sauti ile akifurahi. Huitoa akibanwa, akifukuzwa na simba, aking'atwa na wakubwa wake, akiwa na kipande cha nyama kinywani na wenzake nyuma yake wanaotaka kumpokonya. Ni hofu. Wasichana huandika, mtihani ukija hupata alama, nami huendelea na mada ya figo.

Nimelifundisha miaka yote hiyo na leo jioni ndipo nimelisikia.

Mami alicheka hospitalini mpaka akashika chuma cha kitanda. Mimi nilidhani kicheko ndicho kilichomlegeza. Alicheka kaburini kwa baba. Siku wale vijana wenye mapanga waliporuka ua wa Kitisuru, alicheka mpaka wakamwuliza kama ana wazimu, na sisi tulilisimulia hilo kwenye kila harusi kama kichekesho, Mami aliyewacheka majambazi. Sijawahi kujiuliza mtu anajifunzia wapi kucheka hivyo. Alijifunzia gizani, chini ya blanketi, akimsikiliza mwalimu mmoja tu.

Hakumcheka mtoto wangu. Alimwogopea.

Bado nina hasira, mtu asije akadhani nimetulia. Ile keki ni ya kijinga na kumwambia mwoka asinisikilize hata nikipiga simu ni ujanja wa mtu mzima asiye na haya. Jina halibadiliki. Nimemtumia ujumbe Mami kwamba gari litampitia asubuhi, kwamba nililosema juu ya kutokuja alifute, na kwamba jina ni lile lile. Amejibu, "Mvalishe sweta ile nene. Kanisa lina baridi." Hakutaja jina la atakayevaa.

Kesho mchungaji atauliza mtoto huyu anaitwa nani. Sitamwachia Kioko, maana atanong'ona. Nitajibu mimi, Wanjiru binti Njoroge, kwa sauti ya kumfikia mzee aliyevaa suti akaja kujiona. Daniel Mbiti.

Na Mami atacheka. Namjua. Watu watageuka kwenye viti, na wanawake wa kikundi chake watatazamana.

Kwa hivyo nimeshapanga. Mtoto nitambeba kwa mkono wa kushoto, na Mami nitamsimamisha upande wangu wa kulia, karibu kabisa. Mkono huo nitauacha wazi, apate pa kushika.